Sherifu, fomu ya ICE na saa 48: mahakama za majimbo ya Marekani zimeamua nini

Hakimu amepanga dhamana ya dola 500. Ndugu wamechangishana, wamelipa, risiti wanayo mkononi. Wakifika dirishani kwenye jela ya kaunti kumchukua mtu wao, wanaambiwa hatoki, ana zuio la uhamiaji. Tangu dakika hiyo mtu yule hashikiliwi tena kwa kosa alilokamatiwa, maana kwa kosa hilo ameshapata ruhusa ya kwenda nyumbani kusubiri kesi. Kinachombakiza ndani ni karatasi iliyotoka ICE, idara ya serikali kuu ya shirikisho inayokamata na kuondosha wageni. Lakini mwenye ufunguo wa mlango ni sherifu wa kaunti, na sherifu si mfanyakazi wa ICE.

Je, sherifu ana mamlaka ya kuendelea kumfungia? Hilo ndilo swali ambalo mahakama za majimbo kadhaa zimelijibu tangu 2017, na jibu linabadilika ukivuka mpaka wa jimbo.

Aliyekulia Tanzania anaweza kulipita swali hili bila kuliona. Jeshi la Polisi kule ni moja, chini ya IGP mmoja, na askari wa Kigoma ana mamlaka yale yale ya askari wa Temeke. Marekani haina jeshi moja la polisi. Polisi wa mji, sherifu wa kaunti na polisi wa jimbo kila mmoja hupata nguvu ya kukamata kutoka kwenye sheria za jimbo lake, na serikali kuu ina maofisa wake mbali kabisa. Mkenya ana mfano wa karibu zaidi: askari wa kanjo humkamata mchuuzi kwa sheria ndogo za kaunti, lakini hana kazi na mtu ambaye viza yake imekwisha. Sherifu wa Marekani anamzidi askari wa kanjo kwa mbali, kwani hukamata hadi wauaji, ila kanuni ni ileile. Kama sheria ya jimbo haikumpa mamlaka ya kukamata kwa jambo fulani, hana.

Kuna jambo la pili la kushika mapema. Kuishi Marekani bila kibali, peke yake, kwa kawaida si kosa la jinai, na Mahakama ya Juu ya Marekani ililisema hilo wazi mwaka 2012 katika kesi ya jimbo la Arizona. Ni suala la madai ya kiutawala, linaloamuliwa na jaji wa uhamiaji ambaye yuko chini ya Wizara ya Sheria. Makosa ya jinai yapo, kwa mfano kurudi nchini kwa siri baada ya kuondoshwa, na kwa kosa kama hilo jaji wa mahakama ya shirikisho anaweza kutoa hati ya kukamata. Hati ya namna hiyo jela ya kaunti huiheshimu. Mabishano yote tunayoyaeleza hapa yanahusu karatasi isiyopita kwa jaji yeyote.

Karatasi yenyewe

Inaitwa fomu I-247A. Safari yake huanza mtu anapopigwa alama za vidole akiingizwa jela. Alama hizo hutumwa FBI, na mfumo huzipitisha hadi idara ya usalama wa ndani. Alama zikilingana na kumbukumbu za uhamiaji, ofisa wa ICE hujaza fomu na kuituma jela. Mara nyingi hufanya hivyo bila kumwona mtu mwenyewe.

Ukiishika mkononi utaona sehemu ya kuweka alama ya vema mbele ya sababu: kwamba kuna amri ya mwisho ya kumwondosha, kwamba kesi ya kumwondosha inaendelea, kwamba alama za vidole na kumbukumbu zinaonyesha hana hadhi halali, au kwamba mwenyewe alimwambia ofisa maneno yanayoonyesha hivyo. Chini yake ICE inaiomba jela mambo mawili makubwa. La kwanza ni taarifa mapema, ikiwezekana saa 48 kabla mtu hajaachiwa. La pili ni kumshikilia kwa muda usiozidi saa 48 kupita wakati ambao angeachiwa.

Fomu hiyohiyo ina sentensi mbili ambazo familia nyingi, na hata baadhi ya askari jela, hawazisomi. Moja inasema zuio halifanyi kazi mpaka mhusika apewe nakala. Nyingine inasema zuio lisiathiri maamuzi ya dhamana, kuachiwa mapema kwa masharti (parole), programu za marekebisho wala aina ya chumba anachowekwa. Ukurasa unaofuata una maelezo kwa mahabusu kwa Kiingereza na lugha chache nyingine kama Kihispania na Kifaransa. Kiswahili hakimo, kwa hiyo Mkongo anaweza kujisaidia na Kifaransa, lakini mzungumzaji wa Kiswahili peke yake anahitaji mkalimani, na ana haki ya kumdai kupitia wakili wake.

Tangu Aprili 2017 utaratibu wa ICE unataka fomu hiyo iambatane na I-200 au I-205. Hizi zimeandikwa juu kabisa kwamba ni hati za kukamata au za kuondosha, na ndipo watu wanapochanganyikiwa. Angalia aliyetia saini. Ni ofisa wa uhamiaji. Hakuna jaji aliyezipima, na amri iliyomo ndani yake inaelekezwa kwa maofisa wa uhamiaji, si kwa askari wa kaunti.

Sasa hesabu ya saa 48, ambayo hukosewa kila siku. Saa hazianzi kuhesabiwa fomu inapotumwa. Zinaanza mtu anapokuwa hana sababu nyingine ya kuwa ndani: dhamana imelipwa, kesi imefutwa au kifungo kimeisha. Tuseme dhamana imelipwa Ijumaa saa 10 jioni. Kwa maneno ya fomu ya sasa, mwisho ni Jumapili saa 10 jioni. Lakini kanuni ya shirikisho ambayo fomu inaitegemea inasema Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi, na kwa hesabu hiyo mwisho unasogea hadi Jumanne saa 10 jioni, au Jumatano kama Jumatatu ni sikukuu. Jela inayofuata kanuni na jela inayofuata fomu zinaweza kupishana siku mbili nzima kwa mtu yuleyule. Wakili anapaswa kuuliza kwa maandishi ni hesabu ipi inatumika.

Massachusetts, Julai 2017

Uamuzi uliofungua njia ulitolewa na mahakama ya juu ya jimbo la Massachusetts tarehe 24 Julai 2017, katika kesi ambayo mawakili huiita Lunn. Mtu mmoja alifika mahakamani Boston Februari mwaka huo kwa shtaka la wizi. Upande wa mashtaka haukuwa tayari, hakimu akafuta kesi. Hakuwa na dhamana ya kulipa wala kifungo cha kumalizia. Hata hivyo maofisa wa mahakama walimrudisha chumba cha mahabusu kwa saa kadhaa kwa sababu ya zuio, hadi ICE wakaja kumchukua.

Majaji walianza na swali ambalo linaonekana dogo: kumbakiza mtu huyo kulikuwa ni nini kisheria? Serikali ilipenda kuliita ni kuendeleza tu hali iliyokuwepo. Mahakama ikasema hapana. Mtu mwenye haki ya kutoka, akifungiwa bila hiari yake, amekamatwa upya, hata kama hajasogezwa hatua moja. Baada ya kusema hivyo, sehemu iliyobaki inajifungua yenyewe, kwa sababu kila ukamataji lazima uwe na sheria inayouruhusu. Mahakama ikaitafuta sheria hiyo.

Ilianzia kwenye sheria za shirikisho. Mawakili wa serikali kuu walifika na kukubali kwamba zuio ni ombi, si amri. Wasingeweza kusema vingine, kwa sababu tangu 1997, katika kesi iliyoletwa na sherifu wa Montana kuhusu ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki, Mahakama ya Juu ya Marekani imeshikilia kwamba Washington haiwezi kuwaamuru maofisa wa majimbo wafanye kazi zake. Kisha mahakama ikatazama sheria za Massachusetts. Askari wa huko anaweza kukamata bila hati kwa kosa kubwa la jinai akiwa na sababu za msingi. Kwa kosa dogo anaweza kama linavunja amani, limetendeka mbele yake na bado linaendelea, au kama sheria maalumu imemruhusu. Hakuna popote panapomruhusu kukamata kwa suala la madai ya uhamiaji. Serikali ilijaribu hoja ya mwisho, kwamba maofisa wana mamlaka ya asili yasiyohitaji kuandikwa, nayo ikakataliwa. Mamlaka mapya ya kukamata, walisema majaji, yakitakiwa yatoke kwa bunge la jimbo.

Nguvu ya uamuzi huu ni kwamba haukuigusa Katiba ya Marekani. Ulijengwa juu ya sheria ya jimbo peke yake, na mahakama ya juu ya jimbo ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu sheria ya jimbo lake. Hakuna pa kukata rufaa Washington. Wanaodhani majaji walitoa uamuzi huu kwa huruma wausome tena: ni uamuzi mkavu wa mwenendo wa jinai, na ukavu huo ndio unaoulinda.

Waliofuata, na wanaokwenda upande wa pili

Novemba 2018 mahakama ya rufaa ya New York, idara ya pili, ilifika palepale katika kesi dhidi ya sherifu wa kaunti ya Suffolk, kwenye kisiwa cha Long Island. Iliongeza jambo moja muhimu: I-200 haiwi hati ya kukamata kwa maana ya sheria ya mwenendo wa jinai ya New York, kwa kuwa haikutolewa na mahakama. Kaunti hiyo ilikuwa imewashikilia watu wengi kwa miaka ya nyuma, na madai yao yakafunguliwa katika mahakama ya shirikisho. Mwaka 2025 jopo la raia waliosikiliza kesi hiyo liliamua kaunti iwalipe dola milioni 112, kwa kundi la watu zaidi ya 600. Sherifu anayejiambia kwamba kukubali ombi la ICE hakuna gharama aitazame namba hiyo. ICE ndiyo iliyoomba, lakini mdaiwa katika hukumu ile ni kaunti.

Montana ilifuata Machi 2020, safari hii katika kaunti ya Lincoln. Kilichowaumiza wengi kinaonekana vizuri kwenye kesi hiyo: jela haikusubiri dhamana ilipwe ndipo ianze saa 48. Ilisema mapema kwamba hata ikilipwa, mtu hatatoka. Basi nani atalipa dola elfu kadhaa ili mtu abaki ndani? Matokeo yake zuio la saa 48 linageuka wiki na miezi. Jambo hilo lilishatokea Oregon, kaunti ya Clackamas, ambako mwanamke mmoja alibaki jela wiki mbili ingawa familia yake ilikuwa tayari kulipa dola 500 za dhamana, na jaji wa shirikisho akaamua mwaka 2014 kwamba kaunti ilivunja Marekebisho ya Nne ya Katiba, yanayokataza kukamata watu bila sababu za msingi.

Minnesota, jimbo lenye Wakenya wengi, ina uamuzi wa mahakama ya rufaa wa 2019 kuhusu kaunti ya Nobles, uliobakiza amri ya muda ya kumzuia sherifu asishikilie watu kwa zuio. Huko Wisconsin, mahakama ya juu ya jimbo ilikubali mwishoni mwa 2025 kusikiliza kesi dhidi ya masherifu watano kuhusu suala hilihili.

Sasa upande wa pili. Ukisoma Lunn kwa makini utaona mlango uliobaki wazi: bunge la jimbo linaweza kutoa mamlaka ambayo mahakama haikuyaona. Texas ilifanya hivyo mwaka 2017 kwa sheria ya SB 4, inayomlazimisha sherifu kutii zuio na kumwekea adhabu akikataa, hata kupoteza cheo. Mahakama ya rufaa ya shirikisho iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame mwaka 2018. Florida ilifuata 2019. North Carolina, mwishoni mwa 2024, iliongeza hatua ya kumpeleka mahabusu mbele ya ofisa wa mahakama ambaye huangalia kama aliyeletwa ndiye anayetajwa kwenye fomu, kisha huamuru ashikiliwe. Ofisa huyo hapimi kama mtu ana haki ya kuishi nchini. Anapima utambulisho tu.

Aliye Texas ashike jambo moja lililofichika ndani ya SB 4. Sherifu halazimiki kutii zuio kama mahabusu ameonyesha uthibitisho wa uraia au hadhi halali, na sheria inataja leseni ya udereva ya Texas kama mfano. Mkimbizi aliyepewa hifadhi, au mwenye kadi ya ukaazi, ambaye jina lake limegongana kimakosa na la mtu mwingine, awe na wakili wa kupeleka nakala hiyo jela siku hiyohiyo. Kwa watu wenye majina kama Juma, Hassan au Mwangi, ambayo huandikwa kwa namna tatu tofauti kwenye fomu tatu, makosa ya aina hii si ya kufikirika.

Kuna pia njia ya kati, makubaliano yanayoitwa 287(g), yaliyoanzishwa na sheria ya 1996. Sherifu husaini na ICE, askari wake wachache hufunzwa, na baada ya hapo hufanya kazi fulani za uhamiaji kwa mamlaka ya shirikisho. Mafunzo ya ngazi ndogo kabisa, ya kupeleka hati tu ndani ya jela, ni ya saa 8. Idadi ya makubaliano hayo ilipanda kutoka 135 mwanzoni mwa 2025 hadi zaidi ya 1,000 kabla ya mwaka kwisha. Wengi hudhani 287(g) inafuta maamuzi kama Lunn. Haifuti moja kwa moja, kwa sababu sheria yenyewe inasema kazi hiyo ifanywe kwa kadiri inavyopatana na sheria za jimbo na za mtaa. Colorado ilipitisha mwaka 2019 sheria inayokataza kushikilia mtu kwa zuio, na sherifu wa kaunti ya Teller akategemea makubaliano yake ya 287(g). Mahakama ya rufaa ya jimbo ilimkatalia mwaka 2024.

Kabla ya kulipa dhamana

Ulizeni kwanza. Wakili, na si ndugu peke yao, aombe jela ijibu kwa maandishi: zuio lipo? I-247A ilitolewa tarehe gani? Mahabusu alipewa nakala lini, na nani? Kuna hati yoyote iliyotiwa saini na jaji? Jibu la swali la mwisho ndilo linaloamua kama maamuzi ya jimbo yanasaidia.

Katika jimbo lenye uamuzi kama wa Massachusetts, lipeni na kudai aachiwe. Katika jimbo kama Texas au Florida, kulipa dhamana kunaweza kuwa ndiko kunakomkabidhi kwa ICE mapema zaidi. Akishachukuliwa anaweza kupelekwa kituo cha jimbo la mbali, siku ya kesi ya jinai ikafika hayupo, hakimu akatoa hati ya kumkamata na dhamana ikataifishwa. Wakati mwingine wakili atashauri asubiri ndani hadi kesi ya jinai iishe. Ni ushauri mgumu kuusikia, lakini una sababu.

Msikubali haraka kukiri kosa ili atoke. Tangu 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani inamtaka wakili wa kesi ya jinai amweleze mteja asiye raia madhara ya uhamiaji kabla ya kukiri. Wakili wa umma analipwa na serikali katika kesi ya jinai, ila katika mahakama ya uhamiaji hakuna wakili wa bure unayepewa kwa haki. Kwa hiyo maswali ya uhamiaji yaulizwe wakati bado yupo wa jinai. Zaidi ya hapo, sheria ya Laken Riley ya Januari 2025 inawalazimisha ICE kuwashikilia watu fulani wasio na hadhi, hasa walioingia bila kukaguliwa, kwa kukamatwa au kushtakiwa tu kwa wizi, hata wa dukani. Si lazima wapatikane na hatia. Anayesema "kesi ni ndogo, itafutwa" hajaisoma sheria hiyo.

Jela ikikataa kumwachia katika jimbo ambalo mahakama imeshaamua, hatua ya kwanza ni barua ya wakili kwa sherifu, ikitaja uamuzi wa jimbo na saa ambayo dhamana ililipwa. Ya pili ni ombi la habeas corpus, yaani la kumtaka anayemfungia mtu aieleze mahakama kwa sheria gani anamfungia, katika mahakama ya jimbo, likimtaja sherifu kama anayemshikilia. Hapa muda ni kila kitu. Tangu kesi ya Tarble ya 1872, mahakama ya jimbo haiwezi kumwamuru ofisa wa shirikisho amtoe mtu aliye mikononi mwake. Ombi likifika kwa hakimu mtu akiwa bado ndani ya jela ya kaunti, hakimu ana uwezo. Gari la ICE likishaondoka, ombi linahamia mahakama ya shirikisho ya eneo alikofungiwa, na kwanza mtapaswa kulijua eneo hilo.

Tovuti ya ICE ina ukurasa wa kumtafuta mtu aliyeshikiliwa. Unahitaji namba yake ya A, yaani namba ya faili lake la uhamiaji, yenye tarakimu 7 hadi 9, pamoja na nchi aliyozaliwa. Bila namba hiyo, jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kumbukumbu zao, hata kama wao ndio waliolikosea. Nakala ya karatasi yenye namba ya A ikae nyumbani, kwa mtu anayeweza kuisoma kwenye simu saa 8 usiku.